Muundo na Mtiririko wa Kopolima za Bloku: Suala la Lami katika Barabara ya Gitega–Muyinga

Malori yaingiayo Burundi kutoka Tanzania kupitia mpaka wa Kobero, yakipita Muyinga kuelekea Gitega, hupanda milima polepole yakiwa na mizigo mizito. Juani, lami ya kawaida hulainika na magurudumu huchimba mifereji. Njia mojawapo ya kuikinga ni kuichanganya na SBS, kopolima ambayo kila mnyororo wake una polistairini ncha zote mbili na polibutadaini katikati. Sehemu hizo hazipatani: polistairini hujikusanya kuwa vifundo vigumu vya makumi ya nanomita, navyo huishikilia polibutadaini inayonyumbuka kama mpira. Tofauti na mpira uliopikwa kwa salfa, vifundo hivyo hulegea joto likipita takriban nyuzi 100 za Selsiasi, kisha hujifunga upya likishuka.

Hata hivyo, kulegea si kutiririka. Maadamu sehemu hizo zingali zimetengana, mnato hubaki mkubwa, na hupungua kadiri nguvu ya kukoroga inavyoongezeka. Ndiyo maana uchanganyaji huhitaji nyuzi 170 hadi 190 na mashine yenye nguvu. Joto likizidi, polibutadaini huharibika. Kwa hiyo, mkataba wa barabara utajao asilimia ya SBS pasipo kutaja joto, muda na namna ya kukoroga huhakikisha gharama tu, hauhakikishi uimara.