Mipaka ya tarafa imehama, sauti ya Buyenzi imebaki wapi?

Na Mwandishi Wetu, Buyenzi

Mtu aliyerudi kutoka ukimbizini huulizwa maswali mawili kila anapofika ofisi ya serikali: unatoka wapi, na sasa unakaa wapi. La kwanza tumelizoea. La pili limekuwa gumu kuliko tulivyotarajia, maana jibu lake limebadilika mara mbili katika miaka ya karibuni. Mkazi wa Buyenzi ambaye hajahama nyumba, analala avenyu ile ile na kuswali msikiti ule ule, mwaka 2010 alikuwa mtu wa tarafa ya Buyenzi. Mwaka 2015 akawa mtu wa tarafa ya Mukaza katika Meya ya Bujumbura. Leo ni mtu wa tarafa ya Mukaza katika mkoa mpya wa Bujumbura. Hakuhama yeye, ndugu msomaji. Mipaka ndiyo iliyohama.

Kwa wasomaji walio Kigoma, Uvira au Nairobi, na ambao habari hizi huwafikia nusu nusu, tuanze na yale yaliyo wazi. Mji wa Bujumbura ulikuwa na tarafa 13, au komine kama tunavyosema mtaani: Buterere, Buyenzi, Bwiza, Cibitoke, Gihosha, Kamenge, Kanyosha, Kinama, Kinindo, Musaga, Ngagara, Nyakabiga na Rohero. Kila moja ilikuwa na baraza lake na administrateri wake. Sheria ya mwaka 2014 ilizikusanya zote kuwa tarafa tatu: Muha, Mukaza na Ntahangwa. Buyenzi, Bwiza, Nyakabiga na Rohero zikatiwa ndani ya Mukaza, na zikashuka cheo kuwa zoni. Kisha ikaja sheria ya Machi 2023, ambayo ilipunguza mikoa ya nchi nzima kutoka 18 hadi 5 na tarafa kutoka 119 hadi 42. Uchaguzi wa tarehe 5 Juni 2025 ulifanyika kwa ramani hiyo mpya.

Msomaji mwenye haraka ya kwenda mpakani anaweza kusema haya ni mambo ya wakubwa. Si kweli. Hati ya makazi, karangamuntu, ushuru wa kibanda sokoni, mtaro unaofurika mbele ya gereji, darasa lenye wanafunzi kupita kiasi, yote hayo hupitia mlango wa tarafa. Na mfanyabiashara anayepitia Kobero, aliyezoea kuandika Muyinga, sasa anaandika Buhumuza. Anayepitia Mabanda kwenda Manyovu aliandika Makamba, sasa ni Burunga. Hayo ya majina mtu atayazoea. Ninalolizungumzia mimi ni lile la viti.

Buyenzi si mtaa kama mitaa mingine, na hapa nisieleweke vibaya kwamba napiga debe la kwetu. (Wala isichanganywe na ile Buyenzi ya kaskazini, upande wa Ngozi na Kayanza, ambayo ni jina la eneo la kilimo.) Hii ya mjini ilikua wakati wa Wabelgiji kama makazi ya Waswahili: watu wenye asili ya Umanyema, Ujiji na kwingineko kando ya Ziwa Tanganyika, pamoja na Warundi walioingia Uislamu na kufuata maisha ya mjini. Ni mtaa wa mafundi, wa misikiti na madrasa, wa soko la Ruvumera, wa Kiswahili kinachozungumzwa nyumbani na si cha kujifunza shuleni. Watu wake walikuwa mstari wa mbele kumuunga mkono Mwanamfalme Louis Rwagasore, ambaye chama chake cha UPRONA kilishinda uchaguzi wa Septemba 1961 kabla ya yeye kuuawa tarehe 13 Oktoba mwaka huo huo. Pamoja na hayo, miaka mingi baada ya uhuru Mswahili wa Buyenzi aliendelea kutazamwa kama mgeni.

Ilipofika miaka ya 1994 na 1995, wakati mitaa ya mji ilipogawanywa kwa makabila, huku Wahutu na kule Watutsi, Buyenzi ilijitahidi kubaki pa watu wote. Haikunusurika kabisa. Machi 1995 mauaji yaliifikia Bwiza na Buyenzi, na wengi wakakimbia. Sisi wengine tulikuwa tumeshatangulia Tanzania, tukisoma chini ya maturubai huko Kasulu. Tuliporudi, wengi wetu tulichagua Buyenzi kwa sababu moja rahisi: hapa mtu akisikia Kiswahili chetu chenye lafudhi ya kambini hageuki kututazama.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana mwalimu bila hesabu ni mhubiri tu.

Darasani huwa nawafundisha wanafunzi jambo hili kwa vizibo vya soda. Nawapa vizibo 25, kwa sababu katika uchaguzi wa tarafa wa mwaka 2005 kila baraza lilikuwa na madiwani 25. Nchi ilikuwa na tarafa 129, hivyo viti vyote vilikuwa 3,225. Mji wa Bujumbura peke yake, kwa tarafa zake 13, ulikuwa na viti 325. Kisha nawaambia: chukulieni mtaa mmoja ambako watu wa jamii fulani ni 60 kwa kila 100. (Hizi ni namba za darasani, si za sensa, asije mtu akasema mwalimu kahesabu Waswahili.) Vizibo vikigawanywa kwa uwiano, jamii hiyo inapata 15 kati ya 25. Inaweza kumchagua administrateri. Inaweza kuamua mtaro gani uchimbwe kwanza.

Hapo nawaambia waunganishe mtaa huo na mitaa mingine mitatu yenye watu sawa na huo, ambako jamii ile haimo kabisa. Baraza linabaki la vizibo 25. Wale 60 kwa 100 sasa ni 15 kwa 100. Wanafunzi wanagawa, wanagawa tena, wanafikia vizibo vitatu au vinne. Hakuna aliyeibiwa kura, hakuna sanduku lililochomwa, kila mtu kapiga kura yake na imehesabiwa. Ila waliokuwa na usemi wa mwisho sasa wanaomba wasikilizwe.

Kila mwaka kuna mwanafunzi mmoja anayeuliza: na wale waliotawanyika, walio watatu kwa mia kila mtaa? Swali zuri. Hao mpaka hauwagusi sana. Watatu kwa mia katika tarafa ndogo ni watatu kwa mia katika tarafa kubwa, na katika vizibo 25 hawatimizi hata kimoja. Kinachoweza kuwasaidia ni baraza lenye viti vingi zaidi, au kanuni inayowatengea nafasi. Ndiyo maana mjadala wa mipaka ukitenganishwa na mjadala wa idadi ya viti, ujue kuna anayependa usielewe.

Kanuni ya kutenga nafasi tunayo. Mkataba wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000, na baadaye Katiba ya mwaka 2005, viliweka mizani ambayo nchi nyingi jirani hazina: Bunge la Taifa Wahutu asilimia 60 na Watutsi asilimia 40, wanawake wasiopungua asilimia 30, na Watwa watatu, Seneti nusu kwa nusu, pamoja na Watwa watatu. Kwa upande wa tarafa, Katiba hiyo ilisema hakuna kabila litakaloshika zaidi ya asilimia 67 ya maadministrateri wa nchi nzima. Tena ikaipa Tume ya Uchaguzi, CENI, uwezo wa kuongeza watu wa kabila lililopungukiwa katika baraza la tarafa, mradi walioongezwa wasizidi moja ya tano ya baraza.

Kwenye karatasi, mizani hiyo haiguswi na ramani. Asilimia ni asilimia. Lakini hebu tuhesabu viti vyenyewe. Kwenye tarafa 129, asilimia 67 ni maadministrateri 86, hivyo waliobaki wana uhakika wa 43. Tarafa zikawa 119, na ukitazama utaona kwamba kumi zile zilizopotea ni zile za mji huu, kutoka 13 hadi 3. Kwenye tarafa 42, asilimia 67 ni 28, wanaobaki ni 14. Uwiano haukuguswa hata kidogo, na bado nafasi 43 zimekuwa 14. Mwenye tarafa kubwa ana nguvu zaidi kuliko yule wa zamani, hilo nakubali, na serikali ilipotetea upunguzaji huu kwa hoja ya tarafa zenye uwezo wa kujiendesha haikusema jambo la kipuuzi. Tarafa maskini haiwezi kujenga hata choo cha soko. Ila nafasi 14 ni watu 14, na kutoka Buyenzi njia ya kufika hapo imekuwa ndefu.

Ndefu zaidi kwa Mswahili, kwa sababu mizani ya Arusha inajua majina matatu tu: Mhutu, Mtutsi, Mtwa. Mjukuu wa Mmanyema aliyezaliwa avenyu ya tano, baba yake kazaliwa hapo na babu yake kazikwa hapo, hana safu yake kwenye fomu. Ataandikwa upande mmoja au mwingine, au atakaa kimya. Zamani hilo halikuuma sana, kwani palikuwa na tarafa ya Buyenzi yenye baraza lake, na jiografia ilimpa kile ambacho kanuni ya kabila haikumpa. Mpaka ndio uliokuwa mgao wake. Ulipofutwa, hakuna kilichowekwa badala yake.

Majirani zetu wa Kenya walikwisha kulifikisha jambo kama hili mahakamani. Jamii ya Il Chamus, wafugaji wachache wa pembeni mwa Ziwa Baringo, walilalamika kwamba ndani ya jimbo la Baringo ya Kati hawawezi kamwe kumpeleka mtu wao bungeni, kwa kuwa jirani zao wamewazidi kwa mbali. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikubali kwamba jamii ndogo ina haki ya kuwakilishwa, na kwamba tume ya uchaguzi inapaswa kulizingatia hilo inapochora mipaka. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ikaja na majimbo 290, na ikaagiza kwamba mchoraji asitazame idadi ya watu peke yake, bali pia historia, uchumi na utamaduni unaowaunganisha watu wa mahali. Leo ipo kata inayoitwa Ilchamus katika jimbo la Baringo Kusini. Hawakupewa kila walichotaka, lakini jina lao limo kwenye ramani, na kata ina diwani.

Kwetu tofauti ni kubwa, kwa sababu hatupigii kura mtu bali orodha ya chama, na mpangilio wa orodha hufanywa na wakubwa wa chama. Uchaguzi wa Juni 2025, ambapo CNDD-FDD ilipata viti vyote 100 vya kuchaguliwa vya Bunge la Taifa, umeonyesha kwamba swali la leo si chama gani kitashinda Mukaza. Swali ni nani wamo kwenye orodha, na wanatoka zoni gani. Sheria inamlazimisha mwenye orodha kutazama kabila na jinsia. Haimlazimishi kutazama kwamba Rohero yenye maofisi na Buyenzi yenye magereji ni sehemu mbili zenye shida mbili tofauti. Kwa maoni yangu kifungu kimoja cha sheria kingetosha: kila orodha ya tarafa ya mjini iwe na mtu anayeishi katika kila zoni, na awe katika nafasi ya juu, si ya mkiani kwa kupamba. Hilo halihitaji kurudisha tarafa 13.

Na waliorudi je? Kati ya mwaka 2002 na 2009 walirejea Burundi watu zaidi ya laki tano. Tangu Septemba 2017 wengine zaidi ya laki mbili wamerudishwa kwa hiari. Sensa ya mwaka 2008, iliyohesabu watu 497,166 katika mji wa Bujumbura, ilifanyika wakati malori ya wakimbizi yakiwa bado njiani. Sheria ya 2014 na ile ya 2023 zote zilipitishwa kabla ya sensa nyingine, kwani iliyofuata ni ya mwaka 2024. Mtu ambaye hakuwepo wakati wa kuhesabu hakuwepo pia wakati wa kuchora.

Imebaki ngazi moja ambayo haijaguswa na kalamu ya mchoraji kwa kiasi kile: baraza la mtaa, watu watano, wanaochaguliwa mmoja mmoja bila bendera ya chama. Zoni haichagui mkuu wake, huteuliwa, mtaa huchagua. Lilichaguliwa Agosti 2025. Hawa watano hawana bajeti ya kutaja, lakini ndio wanaomjua mwenye nyumba na mpangaji, na neno lao ndilo la kwanza mtu anapotafuta hati ya makazi. Aliyerudi mwaka huu na bado hajaonana nao aanzie hapo, akiwa na karatasi zake za kurejea na shahidi mmoja anayeishi avenyu ile ile.