PDL-145T: Kazi ikiandikwa imefikia asilimia 70, nani ameipima?

Katika mradi wa maendeleo ya wilaya 145 (PDL-145T), serikali ya Kongo ilikabidhi kazi kwa wasimamizi watatu: PNUD, BCeCo na CFEF. Ni shule, vituo vya afya, majengo ya utawala, na pia barabara. Gharama ilitajwa kuwa zaidi ya dola bilioni 1.6. Huko vijijini, wengi wanaujua mradi kupitia kibao kilichosimikwa kando ya kiwanja. Hatua za kazi, na pesa inayofuata kila hatua, hawaelezwi.

Utaratibu wenyewe si fumbo. Kampuni iliyoshinda zabuni hupewa malipo ya kuanzia kazi, yenye dhamana. Baadaye hulipwa kulingana na kazi iliyopimwa: msingi, kuta, paa, milango. Anayepima hatakiwi kuwa yule anayejenga. Ni injenieri wa ofisi ya udhibiti, anayepaswa kufika kiwanjani, kuhesabu, ndipo atie sahihi.

Hapo ndipo mambo huharibika. Injenieri mwenye viwanja kumi, na barabara ya Shabunda imekatika kwa mvua, anashawishika kusaini akiwa mjini, kwa kutazama picha za simu. Picha inaonyesha paa. Haionyeshi vyuma vingapi vimo ndani ya nguzo, wala simenti ilichanganywa na mchanga kiasi gani. Na msingi ukishafunikwa, kuukagua tena ni kuvunja. Ndiyo maana ziara moja wakati wa msingi ina faida kuliko misafara mitano ya wakubwa siku ya uzinduzi.

Kazi ikiisha, mapokezi ni mawili. Kwanza ya muda, kisha ya mwisho, kwa kawaida mwaka mmoja baadaye. Katikati, kampuni inabeba mzigo wa kurekebisha kasoro zake yenyewe, na sehemu ya malipo yake huzuiliwa. Wazazi wengi wanadhani kukata utepe ni mwisho wa kila kitu, kumbe dhamana ndiyo kwanza inaanza. Paa likivuja msimu wa kwanza wa mvua, mkurugenzi wa shule aandike barua kwa msimamizi wa mradi kabla ya kuwaomba wazazi mchango wa mabati. Barua hiyo itaje tarehe ya mapokezi ya muda. Kwa hiyo nakala ya hati yake ibaki shuleni, isiende yote mjini.