Ekstensheni Moja, Vifaa Vitatu: Hesabu ya Kuepusha Moto Dukani

Asubuhi ya baridi mjini Gilgil, mwenye saluni huchomeka birika la umeme na draya ya nywele kwenye ekstensheni moja. Jirani yake, fundi cherehani, naye huomba nafasi ya pasi. Vyote vikiwaka, hakuna anayeshuku lolote. Hata hivyo, waya ulio nyuma ya kabati huenda umeanza kuchemka.

Hatari hiyo inaweza kujulikana mapema kwa kuzidisha na kugawanya tu.

Volti, ampea na wati

Volti ni msukumo wa umeme. Nchini Kenya, umeme wa nyumbani na madukani ni wa volti 240. Ampea ni kiasi cha mkondo unaopita kwenye waya. Wati ni nguvu inayotumiwa na kifaa, na huandikwa kwenye kibandiko chake. Ukizidisha volti kwa ampea, unapata wati.

Plagi ya kawaida hubeba ampea zisizozidi 13. Kwa hivyo 240 × 13 ni wati 3,120. Hicho ndicho kikomo cha ekstensheni nzima, hata ikiwa na nafasi sita.

Birika la wati 1,500 linavuta ampea 6.25, yaani 1,500 ÷ 240. Draya ya wati 1,500 inavuta kiasi hicho hicho. Jumla ni ampea 12.5, karibu kabisa na kikomo. Pasi ya wati 1,200 inaongeza ampea 5, na jumla inafika 17.5. Fyuzi ya ampea 13 haikatiki papo hapo mkondo ukizidi kiasi hicho, hivyo waya unaweza kuendelea kuchemka kwa muda mrefu.

Joto linatoka wapi?

Kila kifaa kina ukinzani, unaopimwa kwa omu. Gawanya volti kwa ampea: draya hiyo ina omu 38.4, na ndiyo inayoleta joto linalohitajika. Tatizo ni ukinzani usiohitajika, hasa kwenye plagi iliyolegea au nyaya zilizounganishwa kwa kusokotwa.

Joto la mahali hapo ni ampea mara ampea mara omu. Kiungo chenye nusu omu tu, birika likiwa peke yake, hutoa karibu wati 20. Draya ikiongezwa, ni wati 78. Pasi nayo ikichomekwa, ni wati 153, mahali padogo kuliko kidole gumba, kando ya plastiki na mbao. Mkondo ukiongezeka mara mbili, joto huongezeka mara nne.

La kufanya

Wafanyabiashara wanashauriwa kujumlisha wati za vifaa vyao kabla ya kuvichomeka pamoja, na kutumia vya joto kwa zamu. Plagi ikichemka, ikibadilika rangi au ikitoa harufu ya plastiki, zima swichi kuu kwanza. Usimwage maji kwenye moto wa umeme, wala usiweke waya au msumari badala ya fyuzi.

Anayehitaji soketi zaidi amwite fundi mwenye leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA). Gharama ya soketi moja ni ndogo kuliko ya duka zima.