Kitabu cha Kwanza Ni Kile Mtoto Anachokimaliza

Mama mmoja wa Rugerero, hapa karibu na Gisenyi nchini Rwanda, aliniletea kitabu alichomnunulia bintiye wa darasa la kwanza. Jalada lilikuwa linang'aa, karatasi nzito, picha za kupendeza. Kila ukurasa ulijaa mistari minane au tisa ya Kiingereza.

"Mwalimu, nimetoa pesa nyingi, na mtoto hataki hata kukifungua. Au ni mvivu?"

Nilimwita mtoto, nikamwandikia kwenye karatasi maneno matatu ya Kinyarwanda: *amata*, *isuka*, *ifi*. Maziwa, jembe, samaki. Aliweka kidole chini ya neno la kwanza, akalitamka silabi kwa silabi, kisha akaliunganisha. Akaenda la pili, akaenda la tatu. Alipomaliza alimtazama mama yake kwanza, kabla ya kunitazama mimi. Uvivu haukuwapo. Kitabu ndicho kilichomtangulia mno.

Kosa hili nimelikuta katika nyumba nyingi, na linatoka kwenye upendo. Mzazi anataka mwanawe afike mbali, basi anamnunulia kitabu cha mbali. Lakini anayeanza kusoma anahitaji vitabu vya aina mbili, na tukivichanganya tunamkwamisha. Kipo kitabu cha kusomewa: hiki kinaweza kuwa kirefu, chenye hadithi nono na maneno mapya, kwa sababu kazi ya kusoma ni ya mkubwa na ya mtoto ni kusikiliza na kuuliza. Kipo pia kitabu cha kusoma mwenyewe: chepesi, kifupi, karibu kila neno ndani yake aweze kulifungua kwa herufi alizokwisha kufundishwa. Cha kwanza kinamtajirisha kwa lugha. Cha pili kinamfundisha kwamba anaweza.

Swali linalofuata ni lugha, na hapa kwetu si swali dogo. Mtoto wa Rugerero anaamka katika Kinyarwanda. Akienda sokoni Gisenyi au kwa ndugu wanaovuka mpaka kwenda Goma, anasikia Kiswahili, ambacho tangu 2017 ni mojawapo ya lugha rasmi za Rwanda. Akiingia darasani anakutana na Kiingereza, kwa kuwa mwishoni mwa 2019 serikali ilitangaza kwamba ndicho kitakachotumika kufundishia tangu darasa la kwanza. Mzazi anapiga hesabu: kama shule ni ya Kiingereza, kwa nini nisianze nacho?

Sababu ni kwamba kusoma ni kugeuza alama kuwa sauti, na sauti kuwa neno unalolijua. Mtoto akisoma *amata*, sauti inapokamilika neno linamjibu kichwani, anajua amepatia. Akisoma neno la Kiingereza ambalo hajawahi kulisikia, hata akilitamka sawasawa hakuna kinachomjibu. Tena Kiingereza chenyewe ni kigumu kwa macho ya anayeanza. Mwaka 2003 watafiti Philip Seymour, Mikko Aro na Jane Erskine walilinganisha watoto wanaojifunza kusoma katika lugha 13 za Ulaya. Kuelekea mwisho wa mwaka wa kwanza, watoto wa Finland, ambao lugha yao huandikwa kama inavyotamkwa, walisoma sawasawa asilimia 98 ya maneno ya kawaida. Watoto wa Scotland, wanaosoma kwa Kiingereza ambacho ni lugha yao wenyewe, walisoma asilimia 34. Sasa mfikirie mtoto ambaye Kiingereza si lugha yake.

Kinyarwanda na Kiswahili viko upande wa Finland. Vokali ni tano, na *a* ya leo ndiyo *a* ya kesho. Kwa hiyo kitabu cha kwanza kiwe cha lugha ya nyumbani: Kinyarwanda kwa wengi, Kiswahili kwa familia zinazokizungumza mezani. Ujuzi huo hauachwi nyuma. Mtoto aliyejua kuunganisha silabi katika lugha moja hauanzi upya mchezo huo katika lugha ya pili. Anajifunza tu sheria zake mpya. Na akitoka *igitabo* kwenda kitabu, au *ikaramu* kwenda kalamu, njia ni fupi zaidi.

Hata hivyo, si kila kitabu cha Kinyarwanda ni chepesi. Lugha hii hukusanya konsonanti. Tazama *imbwa*, yaani mbwa: herufi tano tu na mnyama anayejulikana kila ua, lakini *w* iliyomo haitamkwi kama *w* ya Kiswahili, sikioni inakaribia *g*. Mtoto anayejua *i*, *m*, *b*, *w* na *a* moja moja bado atakwama hapo. Vivyo hivyo *icyayi*: ni ile ile chai, lakini *cy* yake inataka somo la peke yake. Basi kabla ya kununua, pitia maneno. Kitabu cha mwanzo kiwe na wingi wa maneno kama *amata*, *amazi* na *isoko*, yenye konsonanti moja na vokali moja kwa zamu. Makundi kama *mbw*, *cy* na *shy* yaje baadaye, baada ya mwalimu kuyafundisha.

Ukishakishika kitabu mkononi, mpe mtoto asome kurasa mbili tatu palepale. Hesabu maneno yanayomshinda. Yakizidi moja katika kila kumi, hicho ni kitabu cha kusomewa kwa sasa. Kisha funika picha kwa kiganja. Picha nzuri inamvuta mtoto, lakini picha inayosema kila kitu inamfundisha kubahatisha. Na kama anatiririka bila kuangalia mistari, weka kidole kwenye neno la katikati umwulize ni lipi. Utajua mara moja kama anasoma au amekariri. Angalia pia herufi ziwe kubwa, maneno yaachane vizuri, na sentensi isikatwe kati ya ukurasa mmoja na unaofuata.

Vitabu vipo. Shirika la uchapishaji la Bakame la Kigali lilianzishwa mwaka 1995 kwa ajili ya kuwachapishia watoto vitabu vya Kinyarwanda, na mwaka 2008 lilipata tuzo ya IBBY-Asahi ya kukuza usomaji. Mkusanyiko wa African Storybook una hadithi za bure za Kinyarwanda na za Kiswahili, ambazo mwenye simu anaweza kuzisoma, na shule yenye printa ikazichapa.

Na mzazi asiyejua kusoma asijitoe katika kazi hii. Jina Bakame ni la sungura mjanja wa hadithi za Kinyarwanda, yule yule tunayekutana naye kama Sungura katika ngano za Kiswahili. Bibi anayezisimulia jioni, huku viazi vinachemka jikoni, anamjaza mtoto maneno ambayo kesho atayakuta kwenye karatasi. Halafu mtoto ashike kitabu chake chepesi amsomee bibi, naye bibi asikilize hadi mwisho.

Yule mama wa Rugerero hakukitupa kitabu chake. Nilimshauri akiweke juu ya kabati, kimngoje binti. Mahali pake tulimtafutia kijitabu chembamba cha Kinyarwanda, sentensi moja kila ukurasa. Wiki mbili baadaye alikuja na lalamiko jipya: mtoto anakisoma kile kile kila siku, kwa mdogo wake, kwa jirani, hata kwa mbuzi. Nilimwambia amwache arudie. Siku akikichoka mwenyewe, tutamtafutia cha pili.