JE, WAJUA? Siku Hizi Kinyozi Hujinyoa

Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Leo anaweza, na aliyerahisisha kazi ni Leo J. Wahl wa Sterling, Illinois, Marekani, aliyebuni mashine ya umeme ya kunyolea ya kushikwa mkononi mwaka 1919. Je, wajua pia kwamba:

• Namba za vitana vya mashine huonyesha urefu wa nywele zitakazobaki? Kwa kawaida namba 1 huacha milimita 3, namba 2 milimita 6, na namba 4 milimita 13 hivi. Anza na namba kubwa, kwani nywele huota takriban sentimita 1 tu kwa mwezi.

• Nywele zikilowa hurefuka, zikikauka hujikunja? Za kipilipili zinyoe zikiwa kavu.

• Kisogo huhitaji vioo viwili? Kipe mgongo kioo cha ukutani, kisha shika kioo kidogo mbele ya uso.

• Mashine ya kuazimana yaweza kueneza mapunye? Kila umalizapo, pangusa meno yake kwa brashi, yasafishe kwa spiriti, kisha yatie tone la mafuta.