UTULIVU KATIKATI YA KELELE ZA KYEBANDO

Mkazi wa Kyebando, kaskazini ya Kampala, huamshwa na ngurumo za pikipiki na hulala akizisikia. Barabara kuu inayolizunguka jiji upande wa kaskazini imepita papo hapo, na soko la Kaleerwe haliko mbali. Jioni mwili hufika nyumbani, lakini akili husalia njiani ikihesabu kodi, karo na madeni. Mtu huyo amelala, ila hajapumzika.

Maradhi haya si mageni. Wafuasi wa Buddha wamefundisha namna ya kuyatuliza kwa zaidi ya miaka 2,000, na leo Uganda inaye mwalimu wake. Mtawa Bhante Buddharakkhita, Mganda aliyezaliwa mwaka 1966 na kulelewa katika Ukatoliki, alikwenda India kwa masomo mwaka 1990, na huko akakutana na watawa wa Kibudha kutoka Thailand. Mwaka 2002 alipewa utawa nchini Marekani. Mwaka 2005 alianzisha kituo cha Kibudha huko Garuga, kando ya Ziwa Viktoria, upande wa Entebbe.

Msingi wa mafundisho hayo huitwa sati, yaani kuikumbuka saa uliyo nayo. Keti wima, legeza mabega, kisha iangalie pumzi inavyoingia na kutoka puani. Usiilazimishe. Wazo la deni likija, usilifukuze wala usilifuate. Litambue, halafu irudie pumzi. Likija mara mia, rudi mara mia. Huko kurudi ndiko kujifunza kwenyewe.

Je, asiye na chumba cha faragha afanyeje? Buddha alitaja hali nne za kufanyia zoezi hili: kutembea, kusimama, kuketi na kulala. Basi hata mama apangaye nyanya sokoni, au kijana angojaye abiria, aweza kulianza pale alipo, bila kuiacha dini yake.

Hapana budi tuseme kweli: pumzi hailipi kodi, na aliyezidiwa na ugonjwa wa akili apelekwe kwa waganga wa hospitali, kama wale wa Butabika. Lakini wahenga walisema, mshika mawili moja humponyoka. Deni la kesho litalipwa kesho. Anayelibeba kitandani usiku kucha hulipoteza pumziko la leo, na deni hubaki lile lile.