Ulinzi wa Berlin uliomzima Kasparov

Oktoba 2000, jijini London, Vladimir Kramnik alikaa mezani mbele ya Garry Kasparov, bingwa wa dunia wa sataranji tangu 1985. Kasparov akishika kete nyeupe alikuwa moto: mashambulizi yalikuja mfululizo, na mfalme wa mpinzani hakupona kirahisi. Katika mchezo wa kwanza kabisa Kramnik alimjibu kwa Ulinzi wa Berlin, ufunguzi wa karne ya 19 ambao vigogo wengi walikuwa wameuweka kando.

Mwenye nyeupe anapeleka askofu b5 kumbana farasi. Mwenye nyeusi hahangaiki kumfukuza. Anatoa farasi wake wa pili f6, kisha anamla askari wa e4. Kufikia hatua ya nane malkia wote wawili wameshaliwa, na mfalme mweusi yuko d8, katikati ya ubao, hana tena ruhusa ya kujificha pembeni nyuma ya ngome.

Ukiangalia harakaharaka utasema mwenye nyeusi kaumia. Askari wake wawili wamebanana kwenye mstari wa c, na upande wa pili wa ubao mwenye nyeupe ana askari wanne dhidi ya watatu. Kete nyingine zote zikiliwa, wakabaki wafalme na askari tu, kwa kawaida hesabu hiyo inamzamisha. Lakini kete bado zipo. Anao maaskofu wote wawili, wakati mpinzani kabaki na mmoja. Na mfalme wake anaweza kukaa katikati kwa sababu malkia wa kumkimbiza hayupo. Ndiyo maana nauheshimu sana ulinzi huu: unakubali madoa yanayoonekana na kila mtu, ili kuiondoa hatari inayoua.

Kasparov aliuvamia tena katika mchezo wa 3, wa 9 na wa 13. Yote minne sare. Kramnik alishinda miwili akiwa na nyeupe, hakupoteza hata mmoja, akatwaa taji kwa pointi 8.5 dhidi ya 6.5.

Hata hivyo unadai subira. Mwaka 2014 mjini Sochi, Viswanathan Anand, akiwa nyuma kwa pointi moja dhidi ya Magnus Carlsen, aliutumia katika mchezo wa 11. Alikuwa amesimama vizuri. Kisha akaipeleka ngome b4 ili iliwe na askofu, akitafuta ushindi. Carlsen aliila, akashinda mchezo, akabaki na taji.